Jina la Golikipa wa Katani

Jumapili, 5 Septemba 1954
Korogwe. Tumefungwa bao moja kwa bila. Bao la kichwa, mapema kabisa, beki wetu amesimama anaangalia. Basi wanaopanda daraja la kwanza la ligi ya jimbo ni Katani, timu ya shamba la mkonge. Sisi Handeni tunabaki daraja la pili, mwaka wa tatu huu.

Ila si hilo lililonikaa kooni. Dakika za mwisho tulipata penalti. Yordani, kapteni wetu, aliupiga mpira chini, pembeni kabisa. Golikipa wao akaruka, akautoa kwa ncha za vidole. Aliponyanyuka ndipo nilipomwona uso. Mdomo ukanitoka: "Matayo!"

Akageuka. Kabla hajajizuia — akageuka, akaniona.

Kwenye orodha ya wachezaji, ambayo nimeitia sahihi mwenyewe kama katibu wa Handeni, golikipa wa Katani anaitwa Dominiko.

Mzee Abdi, mwenyekiti wetu, alikuwa ameketi ubavuni pangu. Alisikia. Kurudi Handeni, kwenye lori, alikwenda kukaa mbele na dereva.

Jumatatu, 6 Septemba
Mzee Abdi alinikuta ofisini kwangu barazani, kwenye baraza la serikali ninakofanya ukarani, hata dirisha sijafungua. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akavuta kiti.

"Jana ulimwita nani?"

Nikasema nilidhani ni mtu ninayemfahamu.

"Na yeye akageukia jina la mtu mwingine?"

Nikaenda kufungua dirisha. Sheria ya ligi anaijua kama mimi: aliyeandikishwa kwa jina la uongo, timu yake inanyang'anywa mchezo. Tukilalamika kabla ya siku saba kwisha, tunaopanda ni sisi.

Anataka barua. Shahidi ni mimi.

Jumanne, 7 Septemba
Niliandike hapa, maana sina wa kumwambia.

Miaka minne iliyopita nilikuwa karani wa shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Matayo alikuja na manamba, vibarua wa kuandikwa, kutoka Songea, mkataba wa miaka miwili. Jina lake kwenye kipande, ile kadi ya kazi, nililiandika mimi. Alikuja na rafiki yake wa kijiji kimoja, Dominiko. Walilala chumba kimoja, walikula chungu kimoja. Mwezi wa tano Dominiko alikufa kwa homa. Matayo akaenda kuzika, hakumaliza kazi ya siku ile. Nyapara akampiga fimbo mbele ya watu.

Kesho yake Matayo hakuonekana. Na kipande cha Dominiko nacho hakikuonekana.

Nilijua amekichukua yeye. Kwenye kitabu nikaandika "kimepotea."

Mtoro akikamatwa ni jela, kisha anarudishwa kumaliza mkataba. Na karani aliyeandika "kimepotea"? Sijui. Kazi ya barazani sidhani kama nitabaki nayo.

Jumatano, 8 Septemba
Handeni nzima inajua. Sokoni wananipa mkono kama bwana harusi.

Yordani alipita jioni. Akasema hakuja kunisukuma. Akapandisha suruali akanionyesha goti, limevimba kama boga. "Katibu, mwakani sichezi tena. Nilitaka mara moja tu nicheze kule juu." Akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Zuena, mke wangu, alikuwa anapepeta mahindi. Nilimweleza yote. Hakunyanyua macho. "Wao wangejuaje? Wewe ndiye uliyemwita."

Alhamisi, 9 Septemba
Nimeandika barua. Nimesema tu kwamba tuna shaka na jina la mchezaji mmoja. Nikajiona nimefanya ujanja. Mzee Abdi akaisoma mara mbili, akachukua kalamu yangu, akaongeza chini: Shahidi ni katibu wetu, anamfahamu mtu huyo.

Imeondoka na basi la mchana.

Jumamosi, 11 Septemba
Korogwe tena. Kamati imekaa darasani, mwenyekiti wa ligi ni mwalimu Kaleb. Meneja wa shamba lao naye amekuja, Mzungu, kofia magotini. Amesema yeye anapenda mpira, lakini ikiwa ana mtu mwenye kipande cha uongo, leo hii anampeleka polisi.

Matayo alisimama karibu na ubao. Amenenepa kidogo. Akaulizwa jina.

"Dominiko."

Sauti ilitoka sawasawa. Mwalimu Kaleb akanigeukia. "Katibu, unamfahamu mtu huyu?"

Mzee Abdi ananiangalia. Yordani yuko dirishani ananiangalia. Matayo peke yake haniangalii. Nikafungua mdomo — ikasikika adhana ya adhuhuri. Mwalimu akasema Waislamu wakasali, turudi saa nane.

Nimesali. Sikumbuki nilisoma nini.

Nimekaa hapa kwenye ngazi za shule. Mwanamke mja mzito alikuja, akanisalimia kwa heshima. Grasiana, mke wa golikipa. Hanijui. Akaniuliza kama mimi ni wa kamati.

"Kaka, watamfukuza kazi kwa ajili ya mpira? Dominiko hajala tangu jana."

Nikamwambia sijui. Akanishukuru! Akanishukuru kwa kutojua.

Alipokwenda kutafuta maji, Matayo akaja. Hakukaa.

"Athuman."

"Matayo."

Akatabasamu kidogo. Akasema ana miaka minne hajaitwa hivyo, ndiyo maana siku ile aligeuka. Nikataka kumwomba radhi. Akanikatiza. "Sikuombi useme uongo. Uliwahi kuniandikia mmoja, unatosha. Ila mke wangu kanisani alifunga ndoa na Dominiko. Asije akalisikia jina langu mle ndani, mbele ya yule Mzungu. Nipe muda nimwambie mwenyewe."

Sasa wako kule kwenye ua wa miti ya mnyaa. Yeye anaongea, mkewe amesimama na kata ya maji mkononi. Hajanywa. Hajampa.

Mzee Abdi ametokea mlangoni. "Katibu, saa nane imefika. Wanakungoja."

Nimemwambia naandika maelezo yangu, nisije nikasahau kitu.

"Basi maliza upesi."

Meneja naye ametoka, ametazama saa yake, ametazama kule uani. Grasiana amemwaga maji. Sasa amekaa chini, kwenye vumbi, miguu ameinyoosha. Matayo amechuchumaa mbele yake. Bado hajamaliza, naona mikono yake inavyokwenda.

Mzee Abdi ameita tena. Nimenyanyua kidole, sijanyanyua kichwa.

Naandika. Sina tena la kuandika, naandika.