Mkwe Wangu Hajui Kuwa Mama Yake Yu Mahututi

Bi Mwanamkuu mpendwa, naomba msaada wako, na shikamoo kama umenizidi, kama nimekuzidi nisamehe, mimi ni mtu mzima mwenye mvi na sijawahi kumwandikia mtu wa gazeti maishani mwangu.

Ni Mhindi wa hapa hapa, nimezaliwa Mchafukoge na ndiko niliko mpaka leo, mume wangu Mansukhlal ana duka la vifaa vya mafundi cherehani Kariakoo, nyuzi, zipu, vifungo, bitana, wateja wetu wengi walikuwa wanatoka nchi jirani, lakini tangu serikali ianze haya mazungumzo ya kujitoa kwenye jumuiya ya biashara duka limepoa, leo unasikia tunatoka, kesho unasikia tunabaki ila ushuru unapanda, keshokutwa mtu anakuapia kwamba jirani atahitaji viza hata kuja kuzika, na mume wangu anayasikia yote dukani na yote anatuletea mezani.

Kijana wetu Ankit alimwoa Krina, binti wa Mombasa, mtoto mwenye adabu zake, na sasa ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza ikifika mwezi wa saba tunafanya sherehe, tunamwekea mwenye mimba mchele na nazi kwenye upindo wa sari, halafu anaenda kwao kujifungulia mikononi mwa mama yake, ndivyo nilivyofanyiwa mimi na mama yangu kabla yangu, na mchele nilishanunua. Mansukhlal akasema hakuna kwenda, kibali cha Krina cha kuishi hapa kinasubiri kufanywa upya na ofisini wanamwambia asubiri mazungumzo yaishe, akizalia huko na mpaka ukafungwa mjukuu tutamwona kwenye simu. Usimcheke, Bi Mwanamkuu. Mpaka ulipofungwa ile miaka ya sabini, jumuiya ya zamani ilipovunjika, dada yake alikuwa ameolewa Mombasa, na mama yao alikufa akimwita huyo binti huku Mansukhlal, mtoto wa shule, ameshika beseni pembeni ya kitanda. Ankit naye baba akishasema, basi.

Sasa kosa langu. Mama yake Krina hawezi kusafiri, ana sukari na kidonda mguuni, alikuwa anapiga simu kila mara kuuliza binti anakuja lini, mimi nikaona haya kusema mume wangu anaogopa maneno ya sokoni, nikamwambia daktari amemkataza Krina safari, kondo la nyuma limekaa vibaya. Uongo mtupu, Krina ni mzima. Nikadhani yameisha. Kumbe yule mama alienda hekaluni akaweka nadhiri, akawa anafunga, hatii kitu mdomoni mpaka jua lizame, mgonjwa wa sukari anayejichoma sindano, ili mwanawe apone ugonjwa ambao hana. Wiki iliyopita ameanguka jikoni. Mdogo wake, Trupti, akanipigia akilia: "Bhartiben, dada yuko chumba cha mahututi. Akizinduka anauliza tu, Krina amepona? Mwambie mtoto aje, tafadhali."

Nikasema nitamwambia, na sijamwambia. Krina akipiga simu Trupti anapokea, kwa kuwa nimemwomba, anasema mama amelala. Leo asubuhi Krina ameniletea chai akaniuliza, "Mami, mbona mama analala sana siku hizi?" Nikamwambia ni dawa. Nikimwambia ukweli mimba inaweza kuharibika kwa mshtuko, au ataenda na asirudi, au atajua ni mimi. Sili, silali. Nifanye nini?

Bharti, Mchafukoge

(Majina yote tumeyabadilisha.)

Bi Bharti, shikamoo, umenizidi. Nimeshakuamkia, sasa nivumilie, maana nitakusema.

Nimesoma barua yako mara mbili nikiitafuta serikali. Imo, lakini kidogo. Kweli mazungumzo yanaendelea na hakuna ajuaye yataishia wapi, mimi sijui, na hao wanaokuja kununua zipu hawajui. Ila leo hii ninapoandika, watu wanavuka mpaka pale Horohoro wanaenda na kurudi. Krina hajazuiwa na askari yeyote.

Mumeo namwonea huruma, tena sana. Mtoto aliyeona aliyoyaona ana haki ya kuogopa mpaka. Lakini mwambie, ukimtazama usoni, kwamba safari hii yuko mama mwingine kitandani anayemwita binti yake, na anayemzuia binti ni yeye.

Wewe nawe umenikasirisha. Uliona haya kidogo tu, ukamzushia mzima ugonjwa. Mwanamke mwenzio akajinyima chakula kwa ajili ya ugonjwa ulioutunga wewe. Na katika hofu zako tatu, ile uliyoiweka mwisho, kwamba atajua ni wewe, naona ndiyo iliyokufunga mdomo. Mimba unaisingizia.

Leo, si kesho, mpeleke Krina kliniki, na Ankit aje, duka halitakimbia. Mweleze daktari kwanza, ampime, aseme kama anaweza kusafiri. Kisha mwambie Krina mwenyewe, hapo hapo, mumewe akiwa pembeni yake. Mwambie yote, na nadhiri pia. Halafu muulize anataka nini, maana katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mmoja wenu amemuuliza. Daktari akiruhusu, pandeni ndege na barua yake mkononi, na wewe uende naye. Ankit aende Uhamiaji na kwa mwanasheria kuulizia kibali na haki za mtoto, apewe jibu la maandishi, siyo la dukani. Daktari akikataa, Trupti aweke simu sikioni kwa dada yake, na Krina aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba ni mzima, na hajawahi kuumwa.

Unaogopa kwamba hatarudi. Huenda asirudi, na viza haitahusika. Akishajua, anaweza kuchagua kukaa kwao na mtoto wake, nanyi hamtakuwa na la kumwambia.

Na kama simu ya Mombasa imeshakuja kabla ya gazeti hili, kama yule mama hayupo tena, bado mwambie. Atakuuliza kwa nini. Usimtajie serikali, usimtajie baba mkwe. Sema, "Niliona haya, nikadanganya." Halafu usitoke chumbani. Kaa hapo umsikilize mpaka amalize, hata kama hatakuita Mami tena.