Ulimwandika Mzee Charo

Mwanangu Kazungu,

Sikuulizi hali. Picha zako za Nairobi nimeziona kwenye simu ya mke wa pasta, umevaa koti, umekumbatia kitabu kifuani kama mtu aliyebatizwa jana. Unaonekana mzima. Barua hii naiandika waziwazi, na nimemwomba mwalimu mwenzangu aiweke mahali watu wote wataisoma, kwa sababu wewe ulituanika sisi bila kutuuliza. Sasa na wewe anikwa kidogo, uone jua lilivyo kali.

Nina kinyaa nawe. Nimetafuta neno jingine kwa wiki mbili, neno ambalo mama anaweza kumwambia mwanawe wa pekee, sikulipata. Hasira ingekuwa afadhali, maana hasira hupoa. Hiki nilicho nacho hakipoi.

Unaikumbuka siku ya majoho ya kwaya? Ulikuwa darasa la tano. Mzee Charo alikuwa amehamia ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Changamwe, chumba cha mwisho karibu na choo, akaweka cherehani yake barazani. Uso ulikuwa wa mzee wa miaka sabini, nywele nyeusi ti kama za kijana. Ninyi watoto mlimwita Mzee Kiwi, kama rangi ya viatu. Siku hiyo ilikuwa Februari, joto la kumfanya mtu ajute kuzaliwa na ngozi, naye ameinamia majoho meupe ya Pasaka. Jasho likamtiririka shingoni, likadondoka juu ya joho, na doa lililobaki lilikuwa jeusi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Yeye alichukua ndimu na sabuni akaanza kusugua, wala hakukutazama.

Nilikuvuta sikio mpaka ndani, nikafunga mlango, nikakueleza aliyoniambia mwenyewe. Kwao, huko ndani Kilifi, alikuwa na kaka. Mtoto mmoja wa ukoo aliumwa akafa, vijana wakaanza kuangalia nani ana mvi, maana kwao mvi zilikuwa ushahidi tosha wa uchawi. Kaka mtu walimkata panga mlangoni mwake. Charo alikimbia na nguo alizovaa, na tangu hapo kila Jumamosi alipaka nywele dawa ili asionekane mzee. Na hao vijana walikuwa wapwa zake, watoto wa dada yake wa tumbo moja. Nikakwambia, "Hii siri ni uhai wa mtu." Uliweka mkono juu ya kichwa changu ukaapa.

Nilikwambia ili uache kucheka, na kweli uliacha. Ukaanza kumchotea maji. Yeye akakushonea suruali ya shule akaiwekea upindo mrefu kwa ndani, na kila Januari aliufungua kidogo ili suruali irefuke pamoja nawe. Hajui kusoma, kwa hiyo jioni ulikuwa ukikaa kwenye ngazi ukimsomea kitabu chako cha darasani, naye akikupongeza hata ulipokosea. Mimi nikipika huku nawasikia, nikasema moyoni, huyu mtoto nimemlea.

Miaka ikapita, ukaenda zako, na mwezi wa tatu mwaka huu sanduku likaja na basi. Vitabu vyako. Hadithi za watu wasio na mahali, kila hadithi ikiingia mlango wa nyenzake, kama vyumba vyetu. Hapa na mimi nilikosea, nakiri. Kabla sijasoma hata ukurasa, nilivigawa. Nilimpa mke wa pasta, nikampa Mama Neema kiongozi wa akina mama kanisani, nikawaambia, "Mwanangu huyo." Ningejua, ningevipikia maharagwe.

Owino, yule aliyefukuzwa seminari akaanza kuongoza malori ya bandarini Kipevu kwa filimbi bila mtu kumwajiri, alifurahi kujiona ndani. "Mwalimu, mimi sasa ni staa, madereva lazima waniheshimu," akaniambia. Mama Katunge, unayemjua kwa gambuti zake kiangazi na masika, aliurarua ukurasa wake hapo hapo, akafungia karanga za kuuza. Hao wawili walijimudu. Nikafungua hadithi ya tatu.

Mzee Charo ulimwita Mzee Chengo. Umebadilisha jina, lakini cherehani ukaiacha barazani, mfereji wa maji ukauacha uani, choo ukakiacha pale pale. Nywele ukazieleza, na jasho jeusi, na kaka aliyeuawa, na yote niliyokwambia nyuma ya mlango uliofungwa. Hayo tu yangetosha kunitapisha. Kumbe ulikuwa bado. Uliona ukweli haunogi, ukamfanya mchawi kweli. Ukaandika kwamba wale wapwa hawakukosea. Ukaandika kwamba chini ya cherehani yake kumezikwa kitu, na ndiyo maana watoto wa ploti huugua. Nilinawa mikono, Kazungu. Nilifunga kile kitabu nikaenda mferejini nikanawa kwa sabuni kama niliyeshika uchafu wa mtu.

Kurasa zako zilipigwa picha, zikatembea kwenye simu za watu. Nikawaambia wanawake wa kanisa, jamani, hizi ni hadithi, mtu hubuni. Mama Neema akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mtoto wako amekulia humu humu. Na wewe hujapata kumlea mwongo." Unaona? Jina langu jema, nililolitunza miaka thelathini nikifundisha watoto wao kushika penseli, ndilo lililokuwa muhuri wa uongo wako.

Kisha mtoto wa chumba cha tatu akashikwa na homa. Alipona siku ya nne, lakini siku ya pili majirani walikuwa wameshakuja na sururu. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wametoka kanisani kufanya usafi. Wanaume watatu waliiinua cherehani wakaiweka juani. Mzee Charo alisimama ukutani na futi ya kupimia bado iko shingoni. "Enyi watu wa Mungu, mnatafuta nini kwangu?" akauliza. Mimi nikasimama mbele ya sururu nikasema, "Ngojeni. Aliyeandika yuko hai, tumuulize."

Nikakupigia, nikaweka sauti kubwa. Nikasema, "Kazungu, niko na watu hapa. Waambie ile habari ya Mzee Chengo umeibuni." Nilihitaji maneno matatu tu. Nimeibuni, si kweli. Hata mtoto wangu wa chekechea angeyasema.

Nikasikia vijiko kwenye vikombe na mtu anacheka nyuma yako. Ukasema, "Mama, mwandishi haelezi hadithi yake. Kila msomaji ana haki ya kuielewa anavyotaka." Kisha ukasema una wageni, utanipigia baadaye.

Mama Neema alisema taratibu, "Umesikia, Mwalimu. Hajakana." Wakachimba.

Walipata kokoto, na bomba la maji la zamani ambalo walilitoboa, baraza yote ikalowa. Kupata kitu cha uchawi hawakupata. Lakini mwenye nyumba hakutaka maneno, akafunga chumba cha mzee kwa kufuli jipya. Nikamchukua nikampeleka kwenye darasa langu la mabati, akalala sakafuni kati ya viti vya watoto. Wazazi wakatoa watoto wao mmoja mmoja. Wamebaki wanne, na hao ni kwa sababu mama zao hawana pengine pa kuwaacha wakienda kazini. Mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma Nairobi, sisi tunakula huku.

Ulinipigia baada ya siku tatu. Sikupokea, na sitapokea.

Sasa nisikilize, maana kilichonifanya nishike kalamu kiko hapa. Jumatatu iliyopita Mzee Charo aliniambia, "Mwalimu wangu, naambiwa nimeandikwa. Kazungu ameniandika. Hebu nisomee na mimi, nijue nimesemwaje." Nikaleta kitabu. Nikakaa, nikafungua, nikamtazama yule mzee ameinamisha sikio upande wangu kama alivyokuwa akikusikiliza wewe kwenye ngazi. Kazungu, sikuweza. Nikaanza kusoma yasiyokuwepo. Nikasoma habari ya fundi mpole aliyesingiziwa na jamaa zake, ambaye ploti nzima ilimpenda, na ambaye mwisho wake watu wa kwao walimwomba radhi. Nilifungua kurasa kwa mwendo wa mtu anayesoma kweli, nikawa natulia kidogo kwenye nukta. Nilijiona mwongo mkubwa kuliko wewe.

Alilia. Akasema, "Mtoto ameniandika vizuri. Basi hawa majirani hawakusoma sawasawa. Wangesoma kama wewe, wasingenichimbia." Akainua mikono akakuombea kwa jina, maisha marefu na watoto, nami nikaitikia amina.

Tangu siku hiyo ananiomba hicho kitabu kila asubuhi. Anataka kukipeleka kwao. Anasema wapwa zake wamesoma, watajisomea wenyewe waone kaka mtu hakuwa na hatia, wala yeye, na atarudi kufa penye makaburi ya wazee wake. Nimekificha chini ya gunia la mkaa. Nimemwambia kimeazimwa. Jana amefua shati lake jeupe, amelipiga pasi, amelitundika kwenye msumari. Anasema ikifika Jumapili, kitabu kiwepo kisiwepo, anakwenda, atawasimulia kwa mdomo yale niliyomsomea, na kitabu kitamfuata. Wapwa zake wana simu, Kazungu. Kurasa zako wanazo.

Nimejaribu kumwambia kweli mara mbili. Mara zote mbili ameanza kukusifu kabla sijafungua mdomo, nikaishia kuuliza kama amekula.

Njoo kabla ya Jumapili. Usije na koti, wala na maelezo ya haki ya msomaji. Njoo ukae mbele yake kwenye kiti cha mtoto, umsomee hadithi yako kwa sauti yako mwenyewe, neno kwa neno kama ulivyoiandika, huku unamtazama. Halafu asubuhi utasimama barazani uyaseme yale maneno matatu mbele ya ploti nzima.

Barua ya mama humalizika kwa baraka. Yangu leo sinayo. Unayotembea nayo ni ya Mzee Charo, naye hajui alikuwa akimwombea nani.

Mimi,
Mamako