Mjukuu Wako Yuko Chumba cha Upasuaji

Mama yangu uliyelala kaburini Mlalo,

Shikamoo. Nimejifungua juzi, mtoto wa kiume, ana masikio yako. Sasa hivi yuko chumba cha upasuaji na mimi niko nje kwenye benchi, naogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu nikimpigia mtu simu nitaishia kulia tu.

Unakumbuka ulivyokuwa unaitwa kuogesha watoto wachanga, mimi nyuma nimekubebea beseni? Wa kiume ulikuwa unamwamkia kabisa kwa Kisambaa chetu kama mwanamume mzima, "Shikamoo, mghosi!", mzazi anacheka hadi anashika tumbo. Halafu unamgeuza na kuuliza swali lako lile lile: "Ameshapata choo?" Nilikuwa naona aibu, mama. Watu wamekuja na pongezi, wewe unauliza habari za choo!

Uchungu ulinikuta nyumbani Shume, nikajifungulia hapo hapo, wifi yangu akampokea mtoto. Majirani wakamsifu, mzuri, mzuri. Kesho yake tumbo lake likaanza kujaa, nikajisikia nauliza swali lako. Wifi akafungua nepi, akamgeuza, akaniita nitazame. Mjukuu wako amezaliwa hana njia ya haja kubwa.

Muuguzi wa zahanati alisema, "Asinyonye tena. Ateremshwe leo leo hospitali ya mkoa." Kona zote za mlima hadi Mombo alilia njaa mapajani mwangu, maziwa yanalowanisha kanga, na siruhusiwi kumpa hata tone.

Daktari amenieleza vizuri. Leo watamtolea utumbo kidogo nje ya tumbo apate pa kupitishia choo, akikua watamtengenezea njia yenyewe. "Wengi wanapona, mama," aliniambia. Wengi. Hakusema wote. Tangu amesema hivyo sijasikia kingine. Hata jina mtoto hana, baba yake alitaka tungoje siku ya saba, basi mkononi wamemwandika "mtoto wa" na jina langu.

Mlango bado umefungwa. Kila viatu vikilia huko ndani, nasimama.

Nakujua, mama. Hukuweza kumwona mtoto mchanga usinyooshe mikono. Leo nakuomba, ukimwona anakuja huko, usimpokee. Mkaripie arudi. Mwambie mama yake bado hajamshiba.

Lala salama, mama. Leo usiamke.

Ni mimi,
kitindamimba wako