Sikuonja Mbele ya Ndugu Yangu

Beni, mu commune ya Beu, siku ya tatu asubui

Baba yangu,

Wavukire. Nakusalimia wewe wa kwanza, kisha Mama, mwenye ataanza kulia mbele hata ufungue bahasha. Mama, nyamaza kwanza, niko muzima. Batoto bazima. Bwana yangu Muhindo muzima, tangu asubui anapiga randa ku mbao zake. Huko kwenu je? Baridi ya Butembo inakamata tena magoti yako? Ile kifua ya Mama imeacha? Na maharagi ya shamba ya Vuhovi, mulivuna ninyi, ao basoda na bunduki zabo balivuna mbele yenu? Munijibu yote, moja moja, juu nikikosa habari yenu usingizi inakataa.

Bon. Sasa nitasema, na nitasema kwa nguvu. Unisamehe Baba, mutoto hapashwi kupandishia baba yake sauti. Mais nikingoja hasira ipoe sitaandika mupaka Noeli.

Mama Kyakimwa, ule mwenye kuuzisha mafuta nyekundu ya ngazi, mwenye analeta hii barua, alirudi kutoka kwenu juzi. Alikaa ku kiti yangu, nikamupatia mayi, hakukunywa. Akaniambia: "Masika, kwenu banasema ni wewe njo ulilisha équipe dawa." Nikacheka. Akasema: "Usicheke. Banasema Radi, équipe yetu ya mupira, ilishindwa juu ya chungu yako. Na baba yako, balipomuuliza ku mulango ya kanisa kisha misa, alijibu: Mimi sijue, yeye ni muke ya Beni sasa."

Hapo njo niliacha kucheka.

Baba, ulisema ile neno? Kama haukusema, uniambie, nitamugombeza Mama Kyakimwa. Kama ulisema, basi sikiliza vile ilipita, juu bale banaume yenu balirudi Butembo na habari nusu, na ile nusu ingine baliiacha hapa mu matope.

Sasa ni siku kumi na moja: balifika siku ya posho, ni kusema samedi, mangaribi, juu ya camion, ile lori ya kabichi. Unajua desturi ya mupira: équipe ikienda kucheza kwa benyewe, inabeba unga yake, maharagi yake, hata mayi ya kunywa mu bidon. Hakuna mutu anakulaka kwa adui. Radi balibeba, siwezi kubasemea bongo, uwongo ni zambi. Mais ku bariyeri basoda balishusha mifuko yote, balisema ni effort de guerre, muchango ya bita. Balibaachia mupira yenyewe tu, na ni juu capitaine alikuwa ameikalia.

Basi siku ya Mungu asubui Kasereka akabisha kwangu. Ndugu yangu, gardien, mwenye kulinda goli ya Radi, amesimama ku mulango na macho imeingia ndani. "Yaya, dada yangu," akasema, "tunacheza leo, na tangu jana hatukukula. Président ya équipe anakataza tukule fasi yoyote hapa Beni. Mais kwako?"

"Kwangu ni kwenu," nikamujibu. "Enda ubaite bote."

Unamujua Muhindo. Mutu muzuri, mais eko mu comité ya basupporter ya Mamba, équipe ya hapa Beni, na ile kitambaa yake ya kijani anaifungaka ku kichwa hata ku maziko. Aliposikia, alishika kiuno. "Masika, ukipikia bale bakabichi, comité nzima itanichekelea." Njo vile banatuitaka hapa, bakabichi, banasema tunanuka poireau, yale majani kama ya kitunguu. Nikamwambia: "Wewe njo ulipandisha mbuzi mupaka Butembo, ukapiga magoti kwa baba ya hii kabichi. Shika kuku, uichinje." Alinungunika, mais alichinja. Alichinja hata ya pili. Sikuenda misa ile siku, Mungu anisamehe, nilitwanga sombe ya majani ya muhogo, nilisonga bugali, moshi ikaniingia mupaka mu roho.

Sasa tufike ku ile neno yenye banatafuna kule Butembo. Sikuonja. Ni kweli kabisa, na nitairudilia mbele ya padri kama banataka: sikuonja.

Wewe Baba njo ulinifundishaka. Mugeni akikuya, unamega kidogo wa kwanza, unakula mbele yake, ajue chakula ni salama. Hata kasiksi, pombe ya ndizi, mwenye kuikamua anakunywa wa kwanza. Mais ulinifundisha tena ya kwamba kwa mutu wa damu yako hauonje. Mama alionjaka lini mbele yako? Mimi nionje mbele ya Kasereka, mwenye nilibeba ku mugongo mupaka ku shamba, mwenye alinikojolea ku mashavu? Ingekuwa kumwambia: wewe ni mugeni kwangu, usiniogope. Aa-aa! Niliweka chungu chini, nikasema "Kuleni", nikarudi nyuma. Président yenu aliniangalia mukono, aliniangalia kinywa. Kasereka hakuangalia mutu. Aliingiza mukono wa kwanza, kisha capitaine, kisha bote, na président yenu mwenyewe njo alipigania shingo ya kuku na muchezaji wake Kambale. Kama ilikuwa dawa, mbona habakuacha hata mufupa?

Mupira sasa.

Nilivaa kitambaa yangu ya buluu ya Radi, nikaenda kukaa katikati ya banamuke ya Mamba, juu Radi haikukuya na basupporter, njia yenyewe nani ataijaribu bila sababu? Nilikuwa buluu moja mu kijani mingi. "We kabichi, kaa chini!" Nikasimama. "Kaa, unatuziba!" Nikapanda juu ya jiwe. Mvula ilikuwa imenyesha, kiwanja ilikuwa bugali ya mayi, mais Radi balicheza, Baba! Ule Kambale mwenye kunyoa batu ku soko yenu alitoka pembeni, akapita wa kwanza, akapita wa pili, akapiga. Goli! Nililia peke yangu mupaka kifua ikauma. Yesu-Maria, mutu kulia goli peke yake kati ya adui, utamu yake haina mufano.

Mamba balirudisha. Goli yabo ilikuwa nzuri, ya kichwa, siikatae. Mimi ni supporter, hapana mwongo. Kisha arbitre, mwenye filimbi, akabapatia penalti. Ile sasa ilikuwa bongo. Muchezaji yabo alianguka peke yake, hata kuku yangu ilianguka na sababu. Nikapiga makelele, Muhindo kule ngambo akajifanya hanijue. Bakapiga ile penalti na hasira, chini, ku pembe. Na Kasereka akaruka. Baba, kama ungeona! Akaitosha na vidole, akasimama, akapiga kifua, akaniangalia mimi fasi nilikuwa juu ya jiwe. Uniambie sasa, mutu mwenye sumu mu tumbo anarukaka vile?

Tulibakia goli moja kwa goli moja mupaka karibu ya mwisho. Pale mushambuliaji yabo akapiga mupira ya kubahatisha, ya uzaifu, hata Mama angeidaka na kikapo. Mais nyuma ya goli kulikuwa soda moja amekaa juu ya ukuta, amelewa, mwenye kupenda Mamba kupita Muhindo. Akaona mupira inaenda, akafurahi mbele ya saa, akapiga risasi mu hewa.

Unajua tulifanya nini? Tulilala. Kiwanja nzima, Baba. Radi chini, Mamba chini, arbitre chini na filimbi mu kinywa, comité chini, banamuke bote na mimi nyuso mu matope. Hakuna mutu aliuliza ni furaha ao ni bita. Na Kasereka alilala, mikono ku kichwa. Mupira peke yake njo haikusikia risasi. Ilienda polepole, kama muzee mwenye kuenda misa, ikapita pembeni ya kiwiko yake, ikaingia. Mimi niliiona, juu niliangukia upande ile. Nilikuwa namuita: "Kasereka, mupira! Mupira!" Matope ilinijaa kinywa. Arbitre akapiga filimbi akiwa amelala tumbo, akaonyesha katikati, macho yake ku ule soda. Nani angekataa? Capitaine yenu alitaka kusema, soda akakohoa, capitaine akafunga viatu yake.

Njo vile Radi ilishindwa. Hapana chungu, hapana dawa. Risasi moja ya mulevi.

Na ninajua juu ya nini Kasereka ananyamaza. Mwanaume anapata haya kusema mu Butembo ya kama alilala juu ya woga, na bale bangine banaogopa kutaja basoda, sababu hata kwenu beko, ku kila njia panda. Sumu ya dada ni mwepesi kusema. Dada hana bunduki. Mais umwambie kwa jina yangu: hakuna haya. Tulipokuwa batoto, bita ikapita ku kilima yetu, nani alitusukuma mu ndizi, akatukandamiza vichwa, akasema "Ukisikia, lala kwanza, utauliza kisha"? Ni wewe Baba. Kasereka alifanya ile ulimufundisha, na ni juu ya ile eko muzima leo. Goli moja ni kitu gani? Ningemuona amesimama wima kwa kudaka ile mupira, ningemupiga kofi mimi mwenyewe.

Usizanie ya kama hapa Beni nilipata amani. Asubui ya mupira balinitukana, mwenye kulisha adui. Mangaribi Muhindo, na kijani yake na kasiksi yake, akasema mbele ya comité: "Ni chungu ya muke yangu njo imetushindisha!" Alikuwa anacheka tu, mujinga. Mais bakaikamata. Bakakuya ku mulango ya lupango yangu na ngoma, "Mama Kabichi, wasingya, asante! Mama Kabichi, ulibaweza!", bakaniletea chupa ya bia. Baba, hasira ilinipanda mupaka macho ikawa nyekundu. Niliimwanga yote, mbele yabo, ku miguu ya mukubwa ya comité. Nikasema: "Radi ilishindwa na bunduki, ninyi muliona kama mimi, na mwenye kutaka kuimba aende kuimbia ule soda." Bakabeba ngoma yabo, bakarudi. Muhindo alinifuata ndani, akaniomba musamaha, na kesho yake alienda kusema ku comité ya kama alisema kwa mchezo tu. Mais camion ya kabichi ilikuwa imekwisha kuondoka na ile mchezo, na mu Butembo ilifika ikiwa habari ya kweli.

Basi hapa niko mulozi mwenye faida, na kule kwenu mulozi mwenye hasara. Ninabakataa bote babili. Mimi ni Radi, nilizaliwa Radi, na nitavaa buluu yangu hata kama bataniweka peke yangu mu Beu nzima. Batu ya Butembo baseme vile banapenda, kinywa ni yabo. Ile yenye inaniuma ni kinywa yako moja tu.

Salimia mama mudogo mwenye kuuzisha viazi, umwambie kitenge yake iliniingia muzuri. Salimia katekista jirani yetu, asante kwa maombi. Salimia mutoto ya Kasereka mwenye sikumuona bado. Ule président ya équipe, umusalimie pia, umuulize kama shingo ya kuku ilimushuka muzuri.

Baba, Mama Kyakimwa amebeba kikapo. Ndani mu majani ya ndizi utakuta kuku. Muhindo njo aliichinja, mimi njo niliipika leo asubui, mbele jua ikuwe kali. Sikuonja. Hata muchuzi sikulamba ku kidole. Nimemwambia Mama Kyakimwa aiweke mbele yako na akae pale aangalie. Usiulize nani ataanza. Umuite Kasereka akae pembeni yako, na jirani bote bakuye baone kama banataka.

Mukikula, kikapo irudi bila kitu, sitangoja jibu ingine. Mukikosa kukula, munirudishie kuku yangu vile iko. Sitalia mbele ya batu. Tutaikula hapa, na siku Radi itarudi Beni na njaa nitabapikia tena, na siku ile pia sitaonja.

Nakungoja.

Mimi Masika,
muke ya Beni, na mutoto yako.