Kiganja Kwenye Makaa

Saud, salamu baadaye. Nimetoka sasa hivi harusini kwa Bi Thuwaiba, Kikwajuni. Soma peke yako.

Nilikuwa nakausha ngoma kwenye makaa ngozi ikaze. Nimetia kiganja kati ya ngozi na moto, kupima joto, kama siku zote. Bi Thuwaiba akacheka: "Wee! Unakausha ngoma au unachoma nyama?"

Nikatazama. Ni nyama yangu. Kiganja kimebabuka, Saud, na mimi sina habari.

Sikuhisi kitu. Hata chembe.

Nikafunga kitambaa, nikapiga mpaka bibi harusi akatolewa. Watu wananituza, wanasema leo nimepiga kama kijana! Miaka ishirini, tangu kabla ya mizinga ya Waingereza kulipiga jumba la Sultani, mikono hii ndiyo inayonilisha.

Lile baka la mgongoni unalijua. Wewe ulisema choa. Si choa. Marehemu baba alianza hivi hivi, wakampeleka kwa wakoma, hakurudi.

Mke wangu sijamwambia. Nimejifungia chumbani, nakitia kidonda chumvi, namwomba Mungu kiniume.