Orodha ya Wageni wa Gesima

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimeamua ugomvi wa mpaka, ndugu wawili na mkaratusi mmoja. Walitukanana, wakasalimiana, wakaenda zao. Hiyo ndiyo kazi niliyoapia. Mchana bosi wa kituo cha polisi kanipa karatasi: tuandike wageni wote wa eneo, kwa sababu ya tishio la ugaidi. Ugaidi, Gesima! Hapa hata mwizi wa kuku tunamjua kwa jina la nyanya yake. Lakini amri ni amri.

Jumatano, 5 Machi
Nyumba kumi na nane. Matope hadi magotini. Mama Kemunto, mjane wa kule juu kwenye mashamba ya majani chai, alinipa chai na ndizi. Nikamuuliza kwa Kiswahili cha serikali kama ana wageni. Uso ukang'aa. Anaye, tena wa heshima! Salim, kijana wa Mombasa, amekuja kumposa Kemunto anayefanya kazi hotelini huko. Amechinjiwa jogoo. Mama alinitajia yote: anakolala, anaswali mara ngapi, ataondoka lini. Alikuwa anajisifu. Kwake mgeni ni baraka. Kwenye karatasi yangu mgeni ni mshukiwa. Niliandika kila neno. Chai nikaimaliza.

Ijumaa, 7 Machi
Magari mawili, watu wasio na sare. Hawakupita kituoni hata kusalimia. Salim amebebwa mezani kwa mama mkwe, tonge bado mdomoni. Nimeambiwa na mwenye duka. Mimi, koplo wa hapa, naambiwa dukani! Bosi anasema nisiulize. Ni mimi niliyemwandika.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Kemunto amekaa kwenye benchi letu tangu saa mbili. Hakuna anayesema Salim yuko wapi. "Mwanangu," akaniuliza, "ni nani alimsema?" Nikajifanya natafuta kalamu. Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia. Yote. Hakunitukana. Alijifunga leso vizuri, akasimama, akatoka. Heri angenizaba kofi. Nikakaa nikaandika taarifa: Salim ni mchumba wa mtu, alikuja na posa, basi. Bosi amekataa kutia sahihi. Anasema natafuta uhamisho wa jangwani. Nimeituma kwa jina langu. Potelea mbali.

Ijumaa, 14 Machi
Ameachiliwa! Hakuna mashtaka, hakuna pole. Wamemshusha Kisii mjini na kiatu kimoja. Amepanda basi la Mombasa papo hapo, hakurudi hata kuchukua begi lake. Posa imekufa. Mama Kemunto hapokei simu yangu. Namshukuru Mungu kijana yuko hai, na nina hasira.

Jumamosi, 22 Machi
Sabato. Jua kidogo. Mwenye duka ananiambia ng'ombe wa maziwa wa Mama Kemunto aliibwa juzi. Kijiji kizima kinamjua mwizi. Hakuna aliyekuja kituoni. Alasiri, watu walipotoka kanisani, nikapanda hadi kwake. Kamba iko bado mtini, imekatwa kwa kisu. Nikamuuliza ameibiwa nini.
"Hakuna, afande," akasema, kwa adabu, akiwa mlangoni.
Nikashuka polepole. Kwenye kitabu cha kituo nimeandika: hakuna tukio.