Kiu ya Dada Yustina

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Huku Kilolo tumeanza kuvuna mahindi, na mama yako amepona mguu. Umeniuliza kama kiu isiyokatika ni ya kuogopa.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, dada yangu Yustina alikuwa akimaliza mtungi wa maji kwa siku. Alikojoa kila mara, akakonda. Nilichoka kuteka maji bondeni, nikauficha mtungi.

"Mdogo wangu, nipe hata kidogo," aliniomba. Nikamwita mvivu.

Alipozidiwa tukampeleka zahanati. Mganga akauliza, "Alikuwa anakunywa maji sana?" Nilijua, lakini nikanyamaza kwa aibu. Tulimzika Jumapili.

Sijui kama jibu langu lingemwokoa, na sitajua kamwe. Wewe nenda kesho ukapimwe sukari, uwaambie yote.

Ni mimi, bibi yako.